Nilimwachia Baba Sauti Yangu kwenye Spika

Nimekosa, na sina pa kujificha. Naandika haya nikiwa dukani Kariakoo, wateja wanapita, na hata nguvu ya kuwaita sina.

Nauza mashuka. Wateja wananiita Mangi, kama wanavyotuita Wachaga wote wenye maduka. Baba nilimleta kutoka Moshi baada ya mama kufariki, macho yake yakiwa yameshapotea kwa presha ya macho. Tunaishi wawili, ghorofani Mchafukoge, jirani na hapa.

Baba alikuwa mwalimu. Ombi lake lilikuwa moja tu, kila asubuhi nimsomee gazeti kabla sijafungua duka. Nusu saa. Jamani, nusu saa! Nasoma, ananikatiza, anataka nirudie. Anabishana na mawaziri, anauliza bei ya kahawa, akisikia tangazo la msiba anataja ukoo mzima wa marehemu. Haoni, lakini kichwa kinafanya kazi. Alikula vizuri, alicheka, na mimi alinijua hata nikikohoa tu.

Kisha biashara ikanibana. Hapa Kariakoo kila mwenye duka ana spika ya kutangazia. Unarekodi mara moja, "Njoo uchague, njoo uchague", inapiga kelele kutwa na wewe umekaa. Nikajiona mjanja. Jumapili moja nikarekodi magazeti ya wiki nzima iliyopita, nikamwekea baba spika mezani. Hata salamu niliirekodi: "Shikamoo baba, ni mimi mwanao." Asubuhi nabonyeza, nashuka ngazi.

Nilifanya hivyo miezi mitano. Nikikosa muda wa kurekodi mapya, naacha yale yale yajirudie. Nilijiambia mzee hatagundua. Aibu gani hii!

Aliyenishtua ni jirani yetu, mama wa Kihindi anayempelekea baba chai ya saa nne. Alinisimamisha kwenye ngazi.

"Mangi, baba yako anaongea na ile spika. Anauliza swali, ananyamaza, anangoja. Siku hizi hata haulizi tena."

Mimi nilikuwa narudi nimechoka, tunakula kimya, nikidhani ni uzee. Kumbe chakula kilikuwa kinabaki sahanini, na majina ya ndugu yanampotea. Nilikwenda Upanga kumweleza daktari wake, akaniambia huenda usahaulifu ulikuwa njiani siku nyingi, ila yale mabishano ya asubuhi yalikuwa yanamsaidia. Nililia njia nzima ya kurudi, mtu mzima mimi, na watu wananitazama.

Kesho yake sikufungua duka. Nilinunua gazeti la siku hiyo, nikakaa karibu naye.

"Shikamoo baba, ni mimi mwanao."

Nikaanza kusoma. Akanyoosha mkono, akapapasa meza, akitafuta kitufe.

"Zimeni hiki kitu," alisema.

"Baba, ni mimi. Nipo hapa."

"Kila siku kinasema hivyo."

Nilimshika mkono, akauvuta. Baba yangu mzazi! Hanijui, na sauti yangu ndiyo iliyonipoteza kwake.

Wewe mwenye mzee nyumbani, nakuomba, msomee kwa mdomo wako. Soma chochote, hata karatasi ya kufungia maandazi. Akikukatiza usikunje uso, maana hapo ndipo yupo na wewe.

Mimi bado namsomea kila asubuhi. Spika nimeitupa. Nasoma polepole, kila mstari nasimama kidogo, nangoja anikatize.