Ugoro Machoni pa Zimwi

Mzee Nyamu wa Kianjokoma alinusa ugoro tangu ujana, na hakuna mtu aliyewahi kuumizwa na ugoro wake ila mwizi mmoja, na huyo alistahili. Wakati huo Nyamu alikuwa soja wa kulinda kiwanda cha kahawa. Mwizi alimtokea na panga mkononi, rungu la Nyamu likiwa limeegemezwa ukutani huko mbali. Alichokuwa nacho Nyamu ni kopo la ugoro, wazi, ndiyo kwanza anataka kuchota. Akalimwaga lote usoni mwa yule mtu. Jamaa alipiga chafya akigongana na vitanda vya kuanikia kahawa, haoni mbele wala nyuma, mpaka watu wakafika wakamshika kama kuku.

Kamati ya kiwanda ilimpigia Nyamu makofi. Halafu msimu ule ule, mchungaji akasimama kanisani na kulisoma jina lake: tumbaku ni tumbaku, aache au akae mbali na meza ya Bwana. Na kahawa iliyookolewa ilikuwa ya nani, kama si ya wazee wa kanisa hao hao? Loo! Hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Nyamu alijaribu kuacha, akashindwa. Miaka yote iliyofuata, mkewe Wanjira alikwenda mbele kupokea mkate peke yake, naye Nyamu akabaki kwenye benchi la nyuma na watoto ambao hawajabatizwa.

Wanjira alipofariki, mwana wao Gitari, mwalimu wa shule ya msingi mjini Embu, alimchukua baba yake akae kwake. Alifanya vizuri, hilo tusimnyime. Lakini kuishi nyumba moja si kuzungumza. "Umekula, Baba?" "Nimekula." Basi, hayo ndiyo yalikuwa maongezi ya siku nzima, kisha wote wawili wanageukia televisheni.

Jumamosi mchana ndipo nyumba ilipochangamka. Walikuja marafiki wa Gitari, Ednah wa benki na Hezekiah, karani wa duka la vifaa vya ujenzi, wakacheza mchezo ambao Mzee hakuuelewa mwanzoni. Hauna mpira wala karata. Kuna ramani iliyochorwa kwa kalamu, kuna dadu za pande nyingi, na mengine yote ni mdomo. Kila mmoja amejitungia mtu wake kwenye karatasi, huyu shujaa wa upanga, yule mganga, na Hezekiah ndiye msimulizi: anayaendesha mazimwi na kusema jambo gani limewapata. Dadu ndiyo inayoamua kama umepiga au umekosa.

Siku moja zimwi liliwabana pangoni. Mganga wa Ednah yuko chini, upanga wa Gitari umevunjika, wote wamekata tamaa. Kwenye kiti cha pembeni Mzee akakohoa.

"Si mlitupie ugoro machoni?"

Walicheka mpaka Ednah akafuta machozi. "Wacha mchezo, Mzee!" Lakini Hezekiah hakucheka sana. Akauliza ugoro kiasi gani, na upepo unatoka wapi. Ndipo Mzee alipowasimulia habari ya yule mwizi, na Gitari, mtoto wake wa kumzaa, akawa anaisikia kwa mara ya kwanza. Dadu ikatupwa. Zimwi likapiga chafya, likajigonga kichwa kwenye mwamba, na huo ukawa mwisho wake.

Tangu siku hiyo Mzee alikuwa na karatasi yake mezani. Mtu wake alikuwa mzee tu, hana upanga wala uchawi, ana kifuko cha ugoro cha kutupa. Jumamosi alioga mapema na kuvaa koti. Na katikati ya wiki, mkitaka kustaajabu staajabuni, baba na mwana walizungumza! Gitari akisahihisha madaftari, Mzee anauliza, "Lile pango, unadhani lina mlango wa nyuma?" Wakitoka pangoni wanaingia habari za shamba, na za Wanjira, na mambo ambayo hawakuwahi kuambiana hata siku ya kumzika. Chai inapoa. Mzee alikuwa na furaha, na aliilinda furaha hiyo kuliko alivyowahi kukilinda kiwanda.

Kisha Hezekiah akachaguliwa kiongozi wa vijana kanisani. Akataka mchezo uhamie ukumbi wa kanisa, vijana wapate kitu cha kufanya badala ya kuzurura. Wazo zuri, nani angekataa? Siku ya kulileta wazo hilo alikuja na uso wa mkutano.

"Kuna kitu kimoja tu cha kurekebisha. Ule ugoro. Wazazi watasema tunafundisha watoto tumbaku. Tutaweka pilipili, inafanya kazi ile ile."

"Pilipili ni ya mboga," Mzee akasema.

"Mzee, ni mchezo tu."

"Kama ni mchezo tu, acha ugoro ubaki."

Sikilizeni basi. Vichwa viendelee kukatwa, sawa. Uchawi uendelee, sawa. Sumu kwenye vikombe vya wafalme, sawa kabisa, hayo hayamchafui kijana. Kinachochafua ni ugoro wa mzee mmoja, tena wa kwenye karatasi! Hezekiah akasema wapige kura, asionekane ameamua peke yake. Anayetaka pilipili ainue mkono.

Ednah aliinua, akitazama ramani. Mzee hakumtazama Ednah wala Hezekiah. Alimtazama Gitari. Gitari alikuna shingo, akasogeza dadu, akainua mkono nusu, kiwiko kikiwa bado mezani. Lakini ulikuwa mkono, na ulikuwa juu.

"Sawa," Mzee akasema. Akaingia chumbani kwake.

Wiki ile Gitari alijaribu. "Baba, ilikuwa tu ili tupate ukumbi." Mzee alijibu kwamba hana neno, na kweli hakuwa na neno tena, hata moja. Mwisho wa mwezi aliomba arudishwe Kianjokoma, na hakuna aliyeweza kumshika.

Gitari humtembelea na sukari na majani ya chai. Mzee hagombi, wala hafungi mlango. Humpangusia kiti cha wageni, humpa mkono, na kumwita vile anavyomwita mwana wa mtu mwingine yeyote mwenye kazi hiyo.

"Karibu, mwalimu."

"Baba, ni mimi."

"Najua ni wewe, mwalimu. Keti."