Kadi ya Kura Niliyoificha Kabatini

Yule muuguzi wa Kikenya wa mtaa wa Hodge Hill amefariki. Habari ilinikuta Jumapili dukani, barabara ya Coventry Road, katika jiji hili la Waingereza tunakoishi, nikibishania bei ya mihogo, nikaiacha palepale. Hatukuwa marafiki. Mara ya mwisho tulipoonana alinisema mlangoni kwangu, mbele ya mke wangu, na nilistahili.

Wasomaji mnakumbuka wakazi walipoulizwa kwa kura kama kodi ya nyumba tunayoilipa halmashauri ya jiji, yaani council, ipandishwe ili mabasi ya kuwapeleka shule watoto wenye ulemavu yaendelee. Kadi za kura zikaingia majumbani mwetu, nasi wahamiaji tukadhani zimeletwa kimakosa. Jamaa yangu mmoja aliichana yake kwa kuhofia kunyang'anywa viza. Mimi, Mtanzania wa miaka mingi hapa, niliificha kabatini, kisha nikaandika katika safu hii kwamba mgeni haingilii mambo ya mwenye nyumba. Siku mbili baadaye muuguzi huyo akabisha hodi, akiwa bado amevaa sare ya kazi. Akanieleza kuwa sisi wa nchi za Jumuiya ya Madola tunaruhusiwa kupiga kura hapa, lakini rafiki yake, mama Mkongo wa mtaa wa Shard End, ambaye binti yake hutumia kiti cha magurudumu, haruhusiwi. Nikamjibu kwamba nitafikiria.

"Kaka, tax unalipa, form za council unajaza, lakini ikifika kura ndio unakuwa mgeni?" akaniuliza. "Huyo mama angepewa hiyo card yako, angeamkia kwa mlango wa polling station."

Sikwenda. Kodi haikupandishwa, mabasi yakaondolewa. Muuguzi akawa akitoka zamu anampeleka binti yule shule kwa gari lake, kila asubuhi, wala hakunitafuta tena. Hilo ndilo linaloniuma. Angenitukana, ningepumua.

Niliposikia kwamba tangu msiba binti hajatoka nyumbani, nilikwenda Shard End kumchukua nimpeleke shule. Mama yake alinishukuru mpaka nikaona aibu. Njiani binti, ambaye Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza, aliniuliza kama nililipigia kura basi lake. Nilikuwa na maelezo marefu kuhusu wageni na wenyeji. Nikamwambia sikupiga. Akageukia dirishani.

Ndugu zangu, tuache kujiita wapita njia. Siku ile nilipobaki nyumbani nilidhani sikupiga kura. Nilipiga, na niliipiga dhidi ya mtoto huyu.