Kwenda Makwale Kudai Rejesho

Safari ya kwenda Makwale na kurudi Kyela mjini imenigharimu shilingi elfu kumi na moja na mia tano: petroli elfu nane, chai na chapati elfu moja mia tano, kamba elfu mbili. Nimehesabu mara mbili. Kamba nitaieleza.

Kilichonitoa nyumbani ni pikipiki. Shemeji Ambakisye, kaka wa mke wangu, alikopa benki anunue mashine ya kukoboa mpunga, nami nikaweka pikipiki yangu dhamana. Juzi afisa mikopo akanipigia: rejesho la mwezi halijafika, Ijumaa ikipita anaibeba. Basi Jumatano nikapanda dhamana yenyewe, nikaenda kuitetea.

Ipinda, saa tatu asubuhi. Mama muuza chapati alilalamika kwamba watu wa Makwale hawaji tena kukoboa hapo, na chapati zinalala. Nikampa pole, moyoni nikashangilia. Mashine inafanya kazi!

Makwale, saa nne na nusu. Foleni ya magunia ilianzia barabarani. Akina mama waliokuwa wakipoteza siku nzima Ipinda sasa wanakoboa, wanauza mchele mapema na bado wanawahi kwenye kakao. Benki ingeona, ingelia kwa furaha. Nikafungua droo ya pesa. Misumari mitatu.

"Shemeji, pesa iko wapi?"

"Siku ya uzinduzi mchungaji aliomba vizuri mno. Nikajikuta nimetangaza ndugu wakoboe bure."

"Ndugu ni wangapi?"

Akaitazama foleni. "Wote. Yule wa mwisho bado tunauliza kwa bibi."

Nikapanda juu ya gunia, nikatangaza: kuanzia leo ndugu analipa nusu. Bibi mmoja akapiga vigelegele.

"Nusu ya bure ni bure, mkwe wetu. Ndaga fijo! Asante sana!"

Foleni nzima ikanishukuru.

Ambakisye hakuwa na kitu ila pumba, na nguruwe aliyenenepa kwa hizo pumba. Tukavutana bei mpaka saa tisa. Akanipa nguruwe mzima badala ya rejesho. Hapo ndipo nikanunua kamba.

Njia ya kurudi, nguruwe alipiga kelele kila kona, mimi kila tuta. Nilichojifunza: mkopo unaweza kuzungusha kijiji kizima na kumwacha mkopaji amesimama palepale.

Leo ni Alhamisi. Benki imesema haipokei nguruwe, naye ameshakula mkungu wa ndizi wa mke wangu. Anayemjua mnunuzi wa taslimu anishauri kabla ya kesho. Sharti ni moja tu: asiwe ndugu.