Mapendo Anachagua Seksio

Mapendo akitaka kukata jupe ya mduara, yaani sketi, hatafuti patroni ya karatasi. Anapima kiuno cha mteja, anagawa kwa sita, anaondoa nusu santimeta, kisha anashika kamba na chaki na kuchora duara lake juu ya kitenge bila kusita. Kiuno cha sabini na mbili kinatoa kumi na mbili. Ondoa nusu, kumi na moja na nusu. Basi. Mimi nimeshona kando yake miaka tisa hapa Kadutu, chini kidogo ya soko, na bado nategemea karatasi zangu zilizochakaa pembe. Nikimuuliza hiyo nusu santimeta inatoka wapi, ananieleza habari za namba moja isiyokwisha, mpaka nachoka na kumwambia ashone.

Wateja wananiita Mama Steve. Nina hasira za karibu, sikatai, na katika habari hii kuna watu watatu niliowakasirikia kwa zamu. Wa kwanza alikuwa Mapendo mwenyewe.

Lakini kwanza mjue alikotoka. Alipokuwa na miaka kumi na sita alimaliza mwaka wa pili wa seksio ya sayansi, yaani mchepuo wa sayansi, akiwa na themanini na mbili kwa mia katika aljebra. Baada ya mwaka wa pili, mwanafunzi anachagua: Mat-Fizik, yaani njia ya hesabu, au Bio-Shimi, njia ya wanaotaka dawa na maabara. Shule inatoa fishe, fomu ya kuchagua, mzazi anaweka sahihi, njia imefungwa. Mapendo aliandika Mat-Fizik kwa kalamu ya risasi, maana aliogopa kuchafua karatasi. Baba yake alikuwa amekufa mwaka huo, kwa hiyo sahihi ilikuwa ya tonton Jean-Claude, kaka wa mama yake, aliyekuwa ametoka Kamituga kwenye machimbo kuja kuweka mambo ya familia sawa. Tonton alilowesha kidole kwa mate, akafuta, akaandika kwamba mtoto anaacha shule. Wiki hiyohiyo alimpeleka kujifunza kushona.

Mapendo hasemi kwamba tonton alikuwa mtu mbaya. Anasema alimpa kazi inayomlisha mpaka leo, na anamshukuru. Lakini kila mwaka, wanafunzi wanaporudi shuleni, utamsikia akisema peke yake juu ya mashine kwamba angeandika kwa biki, kalamu ya wino isiyofutika. Miaka ishirini na miwili anasema hivyo.

Sasa binti yake Ornella naye akamaliza mwaka wa pili, na sabini na tisa katika aljebra. Fishe ilipofika, Mapendo hakungoja mtu. Aliichukua juu ya meza ya nyumbani Ornella akiwa ameenda kuchota maji, akaandika Mat-Fizik kwa biki ya bluu, akaweka sahihi, akateremka mwenyewe hadi shuleni na kuikabidhi. Alirudi kwenye kibanda chetu cha kushonea akiimba. Alitusimulia hayo sisi wote wa mashine sita, na sisi tukapiga vigelegele. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mtoto alisema nini. Hata mimi sikuuliza, na mimi huuliza kila kitu.

Siku tatu baadaye shule ilibandika orodha ukutani. Ornella alipanda mlima kutoka shuleni bila kupumzika, shati jeupe limelowa mgongoni, akasimama mbele ya mashine ya mama yake.

"Mama, nani aliandika ku fishe yangu?"

"Ni miye."

"Uliniuliza?"

Mapendo akaanza kumweleza juu ya ile sabini na tisa, na nafasi ambayo yeye hakuipata. Nikamkasirikia, maana swali la mtoto hakulijibu. Ornella alimwacha amalize. Ni mtoto mtulivu, na utulivu wake ndio uliotuumiza.

"Miye niko nataka Bio-Shimi, mama. Nataka kazi ya laboratware. Mat-Fizik haiko yangu, iko yako weye. Na tonton Jean-Claude naye hakukuuliza."

Hapo ndipo nilipomkasirikia wa pili. Nilisimama nikitaka kumfundisha adabu huyo binti, maana kwetu mtoto hamjibu mama yake hivyo mbele za watu. Mapendo aliinua mkono kunizuia. Mguu wake ulikuwa umeacha kukanyaga pedali. Nilimwona usoni, nikakaa chini.

Siku mbili zilizofuata kazi ilimshinda. Alishona mkono wa blauzi ya mteja ndani nje, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake, akaufumua, akaushona tena ndani nje. Siku ya tatu aliniambia kwamba alikuwa amegeuka tonton Jean-Claude, tena yule mzee angalau alitumia kidole chenye mate na yeye ametumia wino. Alisema hivyo huku akilia, wala hakujificha. Nami nililia, kwa sababu nilikumbuka vigelegele vyangu.

Aliteremka tena shuleni. Akakutana na Floribert, mwalimu wa hesabu wa madarasa ya juu, mzaliwa wa Sange, mtu mwenye haraka ambaye mikono yake haikosi chaki. Kubadili haikuwa kazi ngumu. Orodha ilikuwa bado haijapelekwa juu, kwa wakubwa wa elimu. Floribert alifuta jina la Ornella upande mmoja na kuliandika upande wa pili. Mapendo alitakiwa kushukuru na kuondoka. Badala yake alikaa juu ya dawati na kumuuliza kama mtu wa miaka thelathini na minane anaweza bado kuingia Mat-Fizik.

Floribert alicheka kwanza, halafu akaona kwamba anacheka peke yake. Akamweleza: darasani hapana, lakini kuna watu wazima wanaojisomea nyumbani na kufanya mtihani wa serikali, wanaitwa otodidakte. Fishe zao zilikuwa zinafungwa baada ya wiki mbili. Yeye mwenyewe alikuwa akiandaa kikundi cha watu kama hao kila Jumamosi asubuhi. Ila alimshauri kama ndugu achague Sosiali, seksio ya kazi za jamii isiyo na hesabu nyingi.

"Maman, kamata Sosiali. Batu bengi banakamataka Sosiali. Diplome iko ileile."

"Prof, nimengoja Mat-Fizik myaka makumi mbili na mbili. Sikungoja Sosiali."

Basi Floribert akamwandikia ekwesheni moja ubaoni, ya daraja la pili, na kumpa chaki. Akaiweka wazi: akiweza, atampokea kwenye kikundi cha Jumamosi, asipoweza, achague Sosiali, kwa sababu yeye hataki kumpeleka mama wa watu kwenye mtihani akaaibike. Mapendo alikumbuka njia nusu. Penye kutoa mara kutoa aliandika kutoa badala ya kujumlisha, na kuanzia hapo kila kitu kikaharibika mpaka chini. Alipata majibu mawili, yote ya uongo. Huyo Floribert ndiye wa tatu niliyemkasirikia, nilipoambiwa jinsi alivyotikisa kichwa. Mapendo alimwomba wiki moja. Alipewa.

Mngefikiri alirudi mnyonge. Alirudi akaning'iniza mkoba wake kwenye msumari, akanyoosha kitenge cha mteja, akafanya kazi mpaka saa saba mchana, saa ambayo Ornella hupita kutoka shuleni. Wawili hao walikuwa bado hawajapatana sawasawa. Walisalimiana tu. Mapendo alimwita, akamwambia kwamba jina lake limehamishwa Bio-Shimi, na kwamba alikosa na anaomba msamaha. Akamwambia hivyo mbele yetu sote, kwa sababu kosa pia lilikuwa limeshangiliwa mbele yetu. Kisha akamwomba amletee kaye yake, daftari lile la aljebra la mwaka wa pili.

Ornella akaweka mkoba mezani. Akaufungua. Kaye ilikuwa ndani. Alikuwa bado anatembea nayo.

Wiki hiyo hatukuwa na meza ya kukatia. Ilijaa aljebra. Waliandika kwa chaki ya kitambaa, ya rangi ya waridi, Ornella akiweka ekwesheni na Mapendo akizitafuna moja baada ya nyingine, na wateja wakiuliza nguo zao nikawajibu mimi, mara kwa upole, mara bila upole. Mvua za Septemba zilipiga bati hadi hatukusikiana, na wao waliendelea. Mtoto aligeuka mwalimu mkali. Mama yake akikosea alama, alifuta mstari mzima kwa kiganja na kumwambia arudie tangu juu. Mara nne, mara tano. Mapendo hakulalamika hata siku moja, ila nilimwona akisugua macho. Nilimwambia Sosiali nayo ni diploma. Akaniuliza kama nikiagizwa gauni nitapeleka aproni kwa sababu ni rahisi kushona. Nilirudi kwenye mashine yangu.

Siku ya saba aliteremka ngazi za udongo kwenda shuleni na viatu mkononi kwa sababu ya matope. Floribert alimpa ekwesheni nyingine, mpya. Mapendo alifika kwenye ile alama, akasimama, akaitazama, akaandika kujumlisha. Majibu yake yalikuwa mbili na nusu, na hasi tatu. Floribert aliyahakikisha mara mbili, sielewi kwa nini. Kisha akatoa fishe ya otodidakte kwenye droo yake na kumwambia Jumamosi asichelewe.

Aliileta kibandani ajaze akiwa amekaa. Tulisimamisha mashine zote. Jina, tarehe ya kuzaliwa, mtaa, hayo Ornella alimwandikia, kwa sababu mwandiko wa Ornella ni mzuri. Walifika kwenye mstari wa seksio. Ornella akainamisha biki tayari kuandika.

"Hapana," Mapendo akasema. "Hii naandika miye."

Akachukua biki. Akaandika Mat-Fizik polepole, akikandamiza, mpaka herufi zikatokea upande wa pili wa karatasi.