Mumunye la Mbegu la Khala Golapjan

Khala Golapjan alikuwa amebakiwa na mbegu tatu. Alizitia ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi, akakizungushia kitambaa na kukiweka kabatini nyuma ya Msahafu. Namwita Khala, yaani mama mdogo, kama wanavyomwita wote kwenye jengo letu hapa mashariki mwa London, ingawa si ndugu wa mama yangu. Alifika kutoka Sylhet, kwetu sote, nikiwa sijazaliwa. Alishona bitana za makoti ya ngozi sebuleni kwake miaka kumi na tisa, akamzika mume, akaoza mabinti wawili, na miaka yote hiyo hakuwahi kukosa mumunye lake mwenyewe.

Madukani yamejaa. Lakini hayo, anasema, ni marefu kama bomba na yakiingia sufuriani yanageuka maji. Ya kwao yalikuwa mafupi, ya mviringo, yenye madoa meupe. Kila mwaka mama yake alikuwa akimpa mbegu mtu anayesafiri, zimekunjwa ndani ya sari. Mama akafariki. Kaka zake wakauza kiwanja, na pale kilipokuwa kichanja cha mamumunye sasa pana gereji.

"Mbegu zimebaki London," aliniambia, "na London haijui kuziivisha."

Ndiyo hivyo. La kula unalikata likiwa changa. La mbegu lazima likae kwenye mche mpaka ganda liwe gumu kama mti, na jua la hapa halingoji.

Mwezi wa tatu alizilaza mbegu zote tatu kwenye kitambaa kibichi ndani ya kabati la tangi la maji moto. Mimi nilikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Mbegu moja ilioza. Mbili ziliota, akazihamishia kwenye madumu ya maziwa dirishani. Mwezi wa tano akazishusha bustanini nyuma ya jengo, ambako kila nyumba ina kitalu chake, na usiku wa kwanza tu konokono wakala mche mmoja mpaka shina. Ule uliobaki mume wangu aliufungia kichanja kwa mbao za kitanda cha utotoni cha binti yetu Tahiya.

Maua ya mumunye ni meupe, na hufunguka jua likizama. Kwetu wadudu wa jioni wanayajua. Hapa Khala hakuwaamini. Alishuka kila jioni na goti lake bovu, akachuma ua dume, akalichuna majani yake, akalipaka taratibu ndani ya ua jike, lile lenye kitumba kidogo cha tunda mgongoni.

"Harusi gani hii, Khala?" nilimuuliza. "Haina hata wali."

"Haina mawifi pia. Shukuru."

Mwezi wa saba tunda moja lilishika. Khala alitundika kiatu kikuukuu juu yake, kuzuia jicho la husuda. Siku moja Tahiya, ambaye ana miaka minne, alilinyooshea kidole. Kila mtoto wa kwetu anajua mumunye changa likinyooshewa kidole huoza. Khala alimshika mkono akamwambia akiume kidole hicho mara tatu kuondoa nuksi, na Tahiya akauma huku akilia. Tunda halikuoza. Lilinenepa.

Nikajifungua mvulana mwanzoni mwa mwezi wa nane, na maziwa hayakuja. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mtoto ananyonya na kuachia, ananitazama kama nimemficha kitu. Mkunga akasema tuanze ya kopo. Mama yangu kwenye simu kutoka Sylhet akasema, "Mumunye. Mbona hamjampa mzazi mumunye, maziwa yashuke?"

Jioni hiyo Khala alipanda na sufuria. Mumunye na samaki wadogo, habasoda na pilipili kidogo. Nilikula siku mbili. Siku ya tano maziwa yalilowesha gauni. Sijui kama ni mumunye au ni siku yake tu iliyofika. Ninachojua ni kwamba nilikula mpaka mchuzi.

Kwetu mzazi hatoki siku arobaini, kwa hiyo sikuona kitu. Ni Tahiya aliyerudi na baba yake siku moja akaniambia, "Ma, kiatu kipo. Mumunye halipo."

Khala alipokuja kumwogesha mtoto nilimuuliza, "Khala, ulinipikia lipi?"

"Ulikula kwa mdomo au kwa macho?"

"Khala."

"Umekula, umenyonyesha. Limefanya kazi yake."

"La dukani lingetosha."

"La dukani limekaa kwenye ndege na kwenye sanduku siku tano. Nimpe mzazi kitu kilichokwisha kufa?" Akamgeuza mtoto akammwagia maji mgongoni. "Usinitazame hivyo, utaharibu maziwa."

"Na mbegu?"

Alimfunga mtoto taulo. "Zilikuwa laini, hazijapata hata ganda. Nimezitafuna mwenyewe."

Baada ya hapo hakushuka tena bustanini. Alisema goti. Nilikuwa namwona kutoka dirishani kwangu, amekaa kwenye kibaraza chake ghorofa ya chini yangu, amekipa kichanja mgongo. Maua yalifunguka kila jioni yakafa asubuhi.

Siku ya ishirini na mbili tangu nijifungue nilimkabidhi mtoto kwa baba yake.

"Unakwenda wapi? Mama yako akisikia?"

"Mama yuko Sylhet, Baba Tahiya. Na wewe huna mdomo."

Kutazama si kufanya. Jioni ya kwanza bustanini, kwa haraka na woga, nilichuma ua jike badala ya dume, na kitumba chake kikabaki mkononi mwangu kama shanga. Sikumwambia mtu. Mengine mawili niliyapaka sawasawa, lakini yalipauka yakaanguka. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa nilikuwa nimeinama tena pale niliposikia fimbo ikigonga njia.

"Nani kakufundisha kukoroga kama chai?" alisema Khala. Tahiya alikuwa nyuma yake, amejificha kwenye sari. "Gusa tu. Gusa uache. Na wewe siku zako arobaini zimeisha?"

"Zimeisha kidogo."

Alinishika kiganja, akauongoza mkono wangu. Lile lilishika.

Lakini lilikuwa limechelewa, na kanuni ya bustani ni kwamba mwisho wa mwezi wa kumi vitalu vyote viwe vimesafishwa na kutiwa samadi. Msimamizi ni Glenys, mwanamke wa Wales mwenye buti za mpira. Alikuja na daftari lake. Khala alimweleza kwa Kisylheti, kwa kirefu, naye Glenys akajibu kwa Kiingereza kwamba anaelewa ila kanuni ni kanuni, na kwa nini wasinunue mbegu nyingine. Wakanigeukia mimi. Kiingereza changu ni cha shule ya msingi na cha kliniki. Nilisema, "Mama yake amekufa. Hii ni ya mama yake." Sikuwa na maneno mengine.

Glenys alilitazama tunda, halafu kiatu. Akasema kitalu hiki kitakuwa cha mwisho kusafishwa. Kesho yake alileta kitambaa cheupe cha kuufunika mche, na hakuuliza habari za kiatu.

Baridi ya kugandisha ilipiga katikati ya mwezi wa kumi na moja. Asubuhi majani yalikuwa meusi, yamelegea kama nguo zilizolowa. Khala alibonyeza ganda kwa ukucha. Ukucha uliacha alama.

"Bado," alisema.

Tulilikata na kipande kirefu cha shina, tukalitundika kwenye kabati langu la tangi, juu ya nguo za mtoto, maana langu lina joto kuliko lake. Kila siku ya Ijumaa alipanda kulibonyeza. Mwezi wa pili mbegu zililia ndani lilipotikiswa, naye akakaa kitako sakafuni na kisu.

Mbegu nyingi zilikuwa bapa kama karatasi. Saba zilikuwa na tumbo. Alizitia kwenye bakuli la maji, na tukasubiri. Tano zilielea, yaani tupu. Mbili zilizama.

"Moja yako," alisema, "moja yangu. Konokono akila yangu, nitakuja kuiba."

Hiyo ilikuwa siku nane zilizopita. Yangu bado imelala kwenye kitambaa, sijui kama ni hai, nimeifunua mara nyingi kuliko inavyofaa. Asubuhi ya leo Khala alipiga hodi nikiwa nanyonyesha. Alifungua kiganja, na kwenye pamba mbichi palikuwa na mbegu iliyopasuka ncha, imetoa mkia mweupe mfupi kuliko punje ya mchele.

Tahiya alikuja mbio kuona. Aliinua mkono, akakumbuka, akauma kidole chake mara tatu kabla hajakinyoosha.