Mwiko wa Nazibrola

Nazibrola alikuwa na mwiko wa mti wa mforosadi wenye urefu wa mkono mzima, na kwa miaka arobaini hakuna mtu mwingine aliyeushika. Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, na nimemwomba mara tatu anipe nikoroge nao. Mara zote tatu alinijibu kwamba nina mkono mzuri wa kufua nguo.

Kisha vuli ile, siku ya mwisho ya kuvuna zabibu, alianguka kutoka kwenye ngazi akavunjika bega. Mvua ya mawe ilikuwa imeshakula nusu ya shamba, kwa hiyo maji ya zabibu yaliyobaki yalitosha sufuria moja tu ya shaba. Sufuria moja ya churchkhela, zile kokwa za jozi zinazotungwa kwenye uzi na kuchovywa katika uji wa zabibu, kwa mwaka mzima, na mpishi amefungwa mkono shingoni. Hapakuwa na namna. Mwiko ukaenda kwa mkamwana wake, Lamzira, aliyeolewa wakati wa masika akitokea Imereti, upande wa magharibi wa nchi yetu.

Msichana wa watu aliupokea kwa mikono miwili. Miezi sita alikuwa akiishi humo kama mgeni, anaomba ruhusa hata ya kufungua dirisha. Alijua kwamba siku hiyo ndiyo ataonekana ni mtu wa nyumba ile au si mtu wake.

Asubuhi ilikuwa nzuri mno. Majani ya mizabibu yamegeuka mekundu, jua la upole, nyuki wamelewa utamu. Nazibrola alikaa kitini uani akitoa amri: koroga, engua povu, punguza kuni, usiangalie barabarani. Mimi nilikuwa natunga kokwa za jozi kwenye nyuzi. Tulicheka sana, maana kila alipotaka kunyoosha kidole alisahau bega, akaguna, kisha akamlaumu Lamzira.

Ila dawa ya maumivu ilimshinda, akasinzia. Na hapo ndipo maji yalipokuwa tayari kutiwa unga.

Kwetu Kakheti, huku mashariki, tunatia unga wa ngano. Mtoto mchanga anajua. Lamzira aliingia jikoni, akatoka na kifuko alichofungiwa na mama yake, akachanganya, akamimina. Unga wa mahindi. Hakufikiri hata kidogo. Kwao ndivyo wanavyopika, na mkono ulikwenda wenyewe. Mimi niliona. Nilinyamaza, na sijivunii. Nilitaka kuona moto utakavyowaka.

Nazibrola alipoamka, nyuzi thelathini zilikuwa zimeshachovywa na kuning'inizwa kwenye ufito mrefu. Aligusa mmoja, akasugua uji ule kati ya vidole viwili.

"Hii ni nini?"

"Mahindi, Mama," Lamzira akasema. "Nimesahau niko wapi."

Afadhali angepigiwa kelele. Mama mkwe aliagiza tu nyuzi zihamishiwe nyuma ya ghala, mahali wapita njia hawaoni, akachukua mwiko wake, akauosha kwa mkono mmoja, akaingia nao ndani. Lamzira alilia begani kwangu hadi nikajichukia.

Wiki tatu baadaye alinijia amekunja uso. Nyuzi zilikuwa zinapungua. Kutoka thelathini zimebaki kumi na tisa. Alikuwa na hakika ni panya, na aliogopa kwamba hata hilo litakuwa kosa lake. Nikamshauri amwambie mwenyewe mama mkwe, nami nikaenda naye, kwa udaku, nakiri.

Nazibrola alikuwa dirishani akimenya kitunguu kwa mkono mmoja.

"Panya wa kwetu hawagusi mahindi," alisema bila kugeuka.

"Basi ni nani, Mama?"

"Nitajuaje? Mimi mgonjwa."

Jumamosi Lamzira alifua. Nilimwona akisimama ghafla kwenye beseni, aproni ya mama mkwe mkononi. Kutoka mfukoni alivuta uzi mtupu, unaonata. Akavuta wa pili. Akavuta wa tano. Alinitazama juu ya ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe nilimwona akicheka hadi akakaa chini.

Alizifua nyuzi zile, akazianika kwenye kamba katikati kabisa ya ua, zikiwa zimepangwa kwa urefu.

Nazibrola alitoka, akaziona. Mimi nikajifanya naokota majani. Akarudi ndani, akatoka na mwiko, akauweka kwenye beseni, juu ya nguo zilizolowa, mbele ya mkamwana wake.

"Mwakani tutapika sufuria mbili," alisema. "Moja ya ngano, ya wageni."

"Na nyingine, Mama?"

"Nyingine utaipika wewe. Na mwandikie mama yako alete kifuko kikubwa zaidi."