Mwiba Niliouficha Kwenye Mchoro

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo ningepewa ruhusa ya kuirudia ningeirudia kwa magoti. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nimetoka chuo cha ufundi, na kijiji kizima cha Mkange kilikuwa kinangoja maji kutoka kwangu.

Kijiji kilikuwa kimepata kisima kirefu, pampu na paneli za jua. Kilichokosekana ni kisanduku cha kuiwasha na kuizima pampu. Shangazi yangu Mwanahawa, dada yake baba, akasimama mkutanoni. "Mnatafuta fundi wa nini? Kichwa cha huyu kimejaa umeme. Mguseni muone kama hampigwi shoti!" Watu wakacheka, kazi nikapewa. Siku hizo kina mama walichota maji mtoni, penye mamba, na hakuna aliyekwenda huko bila kumkumbuka mtu aliyechukuliwa.

Nikaenda kuitumia kompyuta ya chuo, ile ya kioo kinene kama televisheni ya zamani. Ngoja nikueleze taratibu, maana wengi wenu mnaitumia programu ya namna hii bila kuijua tabia yake. Unachora saketi kwenye kioo, unachagua mahali pa kupima, nayo inakuchorea mstari unaoonyesha volti zinavyopanda na kushuka. Lakini haipimi kila chembe ya wakati. Inakokotoa hapa, inaruka, inakokotoa pale, kisha inaunganisha alama zake kwa mstari. Hatua zikiwa pana, kilichotokea katikati hukioni. Ni kama mlinzi anayechungulia dirishani mara moja kwa saa: mwizi ataingia na kutoka, naye ataapa nyumba ilikuwa shwari.

Mara ya kwanza nilipima kwenye swichi ya kielektroniki inayoizima pampu. Mstari ulikwenda vizuri, ila pale pampu inapozimwa ukachomoza mwiba mrefu: volti nyingi mno, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mota ikikatiwa umeme ghafla hurusha teke la mwisho. Hayo niliyasoma darasani. Lakini mchoro ulikuwa mbaya, wazee wananingoja, nikajidanganya kuwa kompyuta ndiyo iliyokosea. Nikaiamuru ipige hatua pana zaidi. Mwiba ukatoweka. Mstari ukalala laini kama kanzu iliyopigwa pasi, nikauchapa kwenye karatasi.

Njiani nikapita Bagamoyo kwa Fundi Shomari, mtengeneza redio aliyenifundisha kulehemu waya kabla sijajua hata hesabu za kugawanya. Nikamwamkia, akaitikia, akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu.

"Hapa pampu inafanya kazi," akasema. "Hapa imeshazimwa. Kuzimika kwenyewe kuko wapi?"

"Kumo humo humo, babu."

"Sikuoni. Mota haizimiki kwa adabu namna hii. Hata mgeni mpole ukimfukuza, atabamiza mlango."

"Babu, hii ni kompyuta, siyo redio ya mbao."

Akanirudishia karatasi. "Haya, bwana kompyuta. Ila mtu hupima panapouma, hapimi panapopendeza."

Kidude cha kulimeza lile teke huitwa dayodi. Fundi Shomari alikuwa nazo kopo zima, pale pale mezani. Nilichotakiwa ni kunyoosha mkono niombe. Nikaona kuomba ni kukiri. Nikaaga, nikaondoka.

Mkange nikawaonyesha mchoro. Shangazi akaushika juu chini, akasema ni mzuri. Nikafunga kisanduku bila dayodi, na pampu ikavuta maji siku tisa. Siku ya kumi ile swichi iliungua, na ilipoungua iligandana ndani, kwa hiyo pampu ikakataa kuzimika. Ikavuta mpaka kisima kikaisha maji, na mota nayo ikaungua kwa kuzunguka kavu. Kina mama wakabeba ndoo, wakarudi mtoni. Haikupita wiki, mamba akamshika shangazi mkono wa kulia. Wenzake walimvuta wakampata yeye. Mkono hawakuupata.

Alipotoka hospitali nilikwenda kumwona.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Karibu ndani."

Nikamweleza yote, mwiba na hatua pana na maneno ya Fundi Shomari. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Uliuona?"

"Niliuona, shangazi."

Akaagiza chakula. Wali ukaletwa kwenye sinia, nikangoja anawe.

"Kula, baba. Mimi nitakula baadaye."

Ndipo nikaelewa. Kwetu mkono wa kushoto hauingii kwenye sinia la watu. Shehe alimwambia mwenye dharura hana lawama, lakini hakukubali. Mwanamke aliyekuwa akipakua pilau katika kila harusi ya kijiji alikula peke yake, nyuma ya pazia, mpaka alipofariki. Hakunilaumu hata mara moja. Heri angenilaumu.

Mwanangu, wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Hawakusema kuwa mguu wenyewe unaweza kuwa wa mwenzako.

Basi unapopima, punguza hatua, kisha uzipunguze tena, mpaka uone mchoro haubadiliki. Hapo ndipo uuamini. Uanze mstari kabla ya kuwasha, na usiukate kabla ya kuzima. Weka kipimo kwenye kile kinachoweza kuungua. Na ukiona kitu kibaya kimechomoza, usifadhaike, wala usijione mjinga: mchoro mbaya uliopatikana kwa uaminifu ni kazi njema. Mpelekee anayekuzidi, umwambie sielewi. Aibu ya kumwambia fundi sielewi huisha kabla chai haijapoa. Yangu imenizeesha.

Mola akupe jicho la kuona na ulimi wa kusema ulichokiona. Akuepushe na msamaha usioweza kuulipa. Amina.